Mchoraji na Kinu cha Baba Yake

Mwaka 1816, mwaka ule ule aliofiwa na baba, mchoraji John Constable alianza kuchora kinu cha familia yao kando ya mto Stour, Uingereza. Picha hiyo, Flatford Mill, imehifadhiwa katika jumba la Tate, London. Ukiipitishia jicho haraka utaona miti, mawingu na maji yaliyotulia. Itazame tena. Mbele kuna mtoto juu ya farasi, na kamba ya kuvutia tishali inafunguliwa. Kinu chenyewe kiko mbali, kidogo tu. Constable aliwahi kufanya kazi kwenye vinu vya baba yake, kwa hiyo alijua ni mikono mingapi inayohangaika kabla ya unga kufika mjini. Uzuri wa picha yake naona umetoka hapo.

Sisi wa Garsen, Kenya, mto wetu wa Tana haukutupa kinu cha maji kama hicho. Stour ulifungwa kwa malango ukafugwa. Tana hufurika, humega kingo, hata huhama njia. Wapokomo, wakulima wa kingo zake, waliusoma mwendo wake, wakapanda mpunga kwa kufuata mafuriko, wakautwanga kwa kinu na mchi. Mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, nao, uliojengwa karibu na hapa kwa msaada wa Japani, ulibomolewa na mafuriko ya El Nino ya 1997.

Mwaka 2012 delta yetu iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, na nafurahi. Ila picha zinazotutangaza ni za ndege na viboko, utadhani hapa hapana mtu. Mimi nikitafuta sura ya Tana naenda kwenye kisiagi cha dizeli. Mama mwenye debe la mahindi anakinga kiganja chini ya mdomo wa mashine, anausugua unga ungali moto kwa vidole, kope zake nyeupe. “Mwanangu, rudisha, bado una chenga,” anamwambia kijana wa mashine, naye anarudisha bila ubishi. Kuna ujuzi mkubwa katika vidole vile, na hakuna fremu iliyowahi kuubeba.

Namtaka mchoraji wa hapa hapa, aliyetumwa kisiagini tangu utotoni, amchore mama huyo. Na mto nyuma yake autie rangi ya udongo, kama ulivyo Novemba, samawati aiache.