Mtu Hukua kwa Kuhesabiwa?

Watu wakilalamika kwamba geimu za RPG zimeisha ladha, lawama huwaangukia madragoni. Tumechoka na mapanga, wanasema, tumechoka na kijana yatima anayegundua yeye ndiye mteule. Sawa. Lakini toa dragoni weka roboti, bado unacheza kitu kilekile: unaua, unapata pointi, pointi zikijaa unapanda levo, ukipanda levo unaua vikubwa zaidi. Tatizo naliona hapo. Geimu hizi zimekwama kwenye jibu moja la swali la zamani sana: mtu hukuaje?

Jibu lenyewe lina tarehe. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, uliozaliwa na michezo ya kuigiza vita kwa wanajeshi wadogo wa kuchezea. Kwa hivyo haishangazi kwamba ukuaji ulipimwa kwa maadui walioanguka na dhahabu iliyobebwa. Kompyuta zikaupenda mfumo huo. Kwani kuna kitu kompyuta inafanya vizuri kuliko kuhesabu?

Skyrim ya 2011 ilijaribu njia nyingine: unakuwa hodari kwa kile unachokifanya. Ukirusha mishale, unakuwa mpiga mishale. Busara, si ndio? Halafu wachezaji wakagundua kwamba ukikaa ukifua kisu cha chuma, kilekile cha bei rahisi, mara mia na zaidi, unakuwa mhunzi wa kuheshimika. Nilicheka sana nilipoona hiyo, kisha nikanyamaza, maana ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Naishi kwa kuandika makala za mtandaoni, nalipwa kwa neno, na tovuti inayonipa kazi ina levo. Levo kabisa, zimeandikwa hivyo. Nimezipanda kwa kuandika makala moja ya magodoro bora, labda mara arobaini, kila mara kwa maneno tofauti. Kisu cha chuma.

Kuna mtu aliyeliona hili mapema. Richard Garriott alipotoa Ultima IV mwaka 1985, alimwondoa yule adui mkuu wa mwisho. Kazi yako ni kuwa mtu mwema, kwa fadhila nane, ukweli na huruma na unyenyekevu zikiwemo. Kuna muuzaji wa dawa za uchawi asiyeona. Anakutajia bei, pesa unahesabu mwenyewe. Ukimpunja, hakuna askari anayekuja. Lakini geimu imeandika mahali, na namba yenyewe huonyeshwi. Ukitaka kujua hali yako umwendee mwonaji aitwaye Hawkwind, naye atakujibu kwa maneno. Naipenda hiyo kuliko dragoni yeyote. Hata hivyo, chini ya sakafu ni hesabu ileile. Mpe ombaomba sarafu moja, huruma inapanda. Mrudie, inapanda tena. Maskini naye amekuwa kisu cha chuma.

Waliofuata wakaitoa hata ile siri. Kwenye Mass Effect ya 2007 wema una rangi ya buluu na ukatili una nyekundu, na kipimo kikijaa unafunguliwa majibu ambayo wengine hawapati. Sasa nani atakaa kufikiria? Mchezaji anachagua rangi saa ya kwanza, saa zilizobaki anaifuata tu.

Rafiki yangu mmoja anaunda geimu ya makanga wa matatu kwenye kompyuta yake nzee, na hoja zangu hazimpendezi. "Bila namba, mchezaji atajuaje kama anaendelea?" Ni swali zito, tusilipuuze. Mtu ametoka kibaruani, jam imemla saa mbili, anataka mahali ambapo jasho linalipwa bila maneno mengi. Huku nje unasoma miaka minne na hupati kitu. Kule ukiua panya kumi unapewa ulichoahidiwa. Siwezi kumcheka mtu kwa kupenda haki ya aina hiyo, hata mimi naipenda. Ila kulipwa sawasawa ni kitu kimoja, kukua ni kingine, na RPG zimetufundisha kuvichanganya.

Undertale ya Toby Fox, 2015, ilizikubali namba kisha ikatugeuzia. Unapanda levo kama kawaida, hadi karibu na mwisho unaambiwa kwamba ile EXP uliyodhani ni uzoefu ilikuwa inahesabu maumivu uliyowasababishia wengine. Unaweza kuimaliza bila kuua yeyote, ukiwa levo ya kwanza. Na ukimuua Toriel, yule aliyekupokea kama mama, ukajuta, ukarudi ulipohifadhi na kumwacha hai, kuna anayekumbuka. Atakuambia.

Disco Elysium ya 2019 ikaondoa mfumo wa mapigano kabisa. Wewe ni mpelelezi aliyelewa hadi akasahau jina lake. Stadi zako 24 ni sauti kichwani, zinabishana, nyingine zinakushauri ujinga kwa kujiamini sana. Pointi zipo bado, ila ukiongezea stadi moja umempa mwenye kelele kipaza sauti. Na dadu ikikukataa, mara nyingi hadithi inaendelea, inakupeleka penye aibu, na pengine panavutia kuliko ungeshinda.

Yule rafiki yangu hajazitoa pointi. Amezificha. Juzi alinipa nijaribu, nikampa abiria mmoja mzee chenji pungufu ya shilingi ishirini nione itakuwaje. Mzee alishukuru, akashuka. Nikacheza stejini tatu zaidi, macho kwenye kila anayepanda.