Kujiweka Mikononi mwa Mungu



Usiku usio na mwezi, huku Uvira na pwani yote hata Baraka, mwaona wavuvi wakisukuma mitumbwi yao majini, taa zikiwaka, waende kutafuta ndagala. Je, mmepata kumwona mvuvi aliyetia mguu mmoja mtumbwini, na mguu wa pili akauacha mchangani? Mtumbwi ukisogea, huyo huanguka majini, asipate samaki wala nguo kavu. Wazee walisema kweli: Mshika mbili moja humponyoka. Ndiyo hali ya mtu atakaye ubatizo, lakini hataki kumpa Mungu moyo wake wote. Dominika yumo kanisani. Mtoto akishikwa na homa, usiku huenda kwa siri kutafuta hirizi. Mdomo wake wasali Baba Yetu. Moyoni aweka hesabu ya jirani atakayelipiza kisasi.

Kujiweka mikononi mwa Mungu ni nini? Ni kumkabidhi kwa hiari akili yetu, mapenzi yetu, mwili wetu na siku zetu zote, tukitaka yale ayatakayo yeye, kwa sababu twajua ya kuwa ni Baba, naye atupenda. Mtumwa hutii kwa kuogopa fimbo. Mtoto aliyebebwa mgongoni hamwulizi mama njia yaenda wapi, hulala usingizi. Sisi tumeitwa kuwa watoto.

Bwana wetu Yesu Kristu alitutangulia katika njia hii. Usiku ule katika bustani ya Getsemani aliogopa kweli, hata jasho likamtoka kama matone ya damu. Alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso. Hakuficha hofu yake. Lakini aliyaweka mapenzi ya Baba mbele ya mapenzi yake mwenyewe. Basi kuogopa si dhambi. Aogopaye aweza kujitoa kwa Mungu pamoja na hofu yake.

Sasa sikilizeni habari ya watu waliokanyaga udongo huu wetu. Mwaka 1964 nchi ilikuwa katika maasi. Tarehe 28 Novemba, siku ya Jumamosi, kesho yake ikiwa Dominika ya kwanza ya Majilio, gari la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Ndugu Vittorio Faccin, mtawa asiye padri, mwenye miaka 30, aliamriwa kupanda gari. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa kanisani akisikiliza maungamo ya waamini. Alitoka, akamwona mwenzake amelala chini. Naye alipoamriwa kupanda, hakukubali kumwacha; alitaka kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti karibu naye, akauawa. Kisha gari likapanda kwenda Fizi. Usiku Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, alifungua mlango, akauawa. Na pamoja naye Padri Albert Joubert, mwenye miaka 56.

Watatu wa kwanza walikuwa Waksaveri waliotoka Italia. Padri Albert alikuwa mtoto wa nchi hii, aliyezaliwa upande wa Moba mwaka 1908, baba yake Mfaransa, mama yake Mkongo. Rangi zao zilikuwa mbalimbali, damu yao ilimwagika siku moja. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenye heri kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko.

Mtu ataniuliza: Kama walijiweka mikononi mwa Mungu, mbona Mungu hakuwaokoa na risasi? Swali hili ni zito, nanyi mnalo haki ya kuliuliza, kwa maana katika nchi yetu wengi wamezika watoto na ndugu kwa sababu ya vita. Jibu ni hili. Kujitoa kwa Mungu si dawa ya kinga tunayoinunua kwa sala. Anayesema, Nitakupa moyo wangu, nawe unilinde nisipatwe na neno, huyo hajajitoa. Amefanya biashara tu. Yesu mwenyewe hakuteremshwa msalabani. Alikufa, akiikabidhi roho yake kwa Baba. Naye Baba alimfufua siku ya tatu. Mungu hakutuahidi kwamba hatutaingia kaburini. Ametuahidi kwamba hatatuacha humo. Kwa hiyo msimwambie kamwe mama aliyefiwa kwamba Mungu amemkasirikia. Kaeni naye, lieni naye, mchotieni maji.

Tena, kujitoa si uvivu. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020 na kubomoa nyumba katika mji wa Uvira, je, mkristu alipaswa kukunja mikono na kusema, Ni mapenzi ya Mungu? Sivyo. Mapenzi ya Mungu yalikuwa kumtoa mtoto majini, kumpokea jirani asiye na nyumba, kugawana naye ugali. Mgonjwa apelekwe hospitali, shamba lilimwe, mtumbwi uliotoboka uzibwe. Fanya yaliyo kazi yako kwa bidii. Yaliyozidi nguvu zako, mwachie Mungu bila manung'uniko.

Msidhani kwamba watu wale wanne walijifunza kujitoa siku ile moja tu. Saa ya kufa Padri Luigi alikuwa katika kazi yake ya kila siku, akiwaondolea watu dhambi. Aliyezoea kujitoa katika mambo madogo, kubwa likija halimkuti mgeni.

Basi juma hili fanyeni mambo matatu. Asubuhi, kabla ya kushika jembe au nyavu, piga ishara ya msalaba, umtolee Mungu siku yako. Mchana, ukikumbuka mtu aliyekukosea, mtaje mbele ya Mungu kwa jina lake, umwombee. Usiku, kama ungali umeficha kitu cha mganga chini ya mkeka, kitoe, umpelekee katekista wako. Usione haya, yeye naye alikuwa mkatekumeni.

Na tusali pamoja: Ee Baba, sisi ni wadhaifu, tena twaogopa. Pokea mikono yetu na kazi yake, nyumba zetu na watoto wetu, uhai wetu na kufa kwetu. Utufundishe kutaka utakalo wewe. Wenye heri wa Baraka na Fizi, mtuombee. Amina.