Hewa ni amana: Je, uchache wa moshi wetu ni udhuru?

Kila inapotajwa habari ya ongezeko la joto duniani, hapa Mbezi Beach ninakoishi nimezoea kusikia jibu moja: hayo ni madhambi ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Wanaosema hivyo ni watu wazima na wasomi, na mara nyingi husema huku jenereta linanguruma uani na shangingi limewashwa ili viti vipoe kabla mwenyewe hajapanda. Napenda tulipime jibu hilo kwa uadilifu, kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaolifanya liwe la hatari.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Ukiliacha gari juani na vioo vimefungwa, mwanga wa jua huingia lakini joto hushindwa kutoka. Hewa ukaa, methani na gesi nyingine chache hufanya kazi inayofanana na hiyo angani. Kwa asili yake hiyo ni rehema: bila gesijoto, wastani wa joto la dunia ungekuwa kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri. Tatizo ni kuvurugwa kwa mizani. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, za hewa ukaa zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kufyeka misitu.

Ni nani aliyechoma? Hapo jirani yangu ana hoja. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtanzania, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, hafikishi hata nusu tani. Nchi maskini zilidai fidia kwa miaka mingi, na ni mwaka 2022 tu, huko Sharm el-Sheikh, Misri, ndipo ulipokubaliwa mfuko wa hasara na madhara. Dai hilo ni la haki. Kuinyamazia dhulma si uchamungu.

Lakini neno "wastani" linaficha mengi. Ndani ya huyo "Mtanzania mmoja" yumo mwenye nyumba ya viyoyozi sita, na yumo mvuvi wa Kunduchi anayesukumwa na tanga. Tukiujumlisha moshi wa wote na kuugawa kwa idadi ya wote, tajiri anajificha nyuma ya mgongo wa maskini. Tunaikataa hesabu ya namna hiyo inapopigwa kati ya Marekani na sisi. Mbona tunaikubali inapopigwa kati ya Mbezi Beach na Tandale?

Wanazuoni wa usul, akiwemo Imam Shatibi, waliyapanga maslahi ya watu katika ngazi tatu: dharura, haja na mapambo. Mama wa Tandale anayepikia mkaa yuko katika dharura. Mtungi wa gesi unataka fedha za mkupuo, ilhali mkaa anaupata kwa kopo. Kiyoyozi kinachopoza chumba kisicho na mtu kiko ngazi gani? Hakifiki hata kwenye mapambo. Hiyo ni israfu.

Atasema: nikikizima, dunia itapoa? Haitapoa. Lakini tumefundishwa tusifanye israfu ya maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Mto haupungui kwa udhu wa mtu mmoja. Basi katazo hilo halikusubiri mto ukauke. Linamtazama mtu mwenyewe, namna anavyokishika alichokabidhiwa. Udogo wa athari haukuwa udhuru mtoni, na hauwezi kuwa udhuru hewani.

Tena vidogo hujumlika, na sisi wa huku ni mashahidi. Mchanga ulichotwa katika mito ya Mbezi na Tegeta lori baada ya lori, na hakuna dereva aliyedhani lori lake ndilo litakaloiumiza pwani. Mchanga huo ndio mito ilikuwa ikiupeleka ufukweni. Wataalamu wanautaja miongoni mwa sababu za bahari kuimega Kunduchi, ilipokuwepo hoteli ya Africana. Na bila shaka baadhi ya kuta tunazojivunia zimesimama kwa mchanga huo.

Anayelipa ni nani? Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Sisemi kuwa mvua moja ni ushahidi wa kila kitu. Lakini mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu zaidi ya 40 jijini, waliohamishiwa Mabwepande walikuwa wakazi wa mabondeni. Hawakuwa wenye mashangingi.

Basi tufanye mawili kwa pamoja: tuwadai wakubwa wa dunia, na tujihesabu wenyewe. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Misikiti yetu isisubiri. Fedha inayookolewa kwa kuzima jenereta na kiyoyozi kisicho na kazi imnunulie mjane mmoja mtungi na jiko. Siku ya hesabu hatutaulizwa moshi wa Marekani. Tutaulizwa wa kwetu.

Wabillahi tawfiq.