Mfadhili tumemshukuru, fundi je?



Ndugu msomaji, katika hafla zetu nyingi za Kiislamu, iwe ni kufungua msikiti au madrasa, ratiba huwa inajulikana kabla hata kadi hazijasambazwa. Mgeni rasmi atakaribishwa, risala itasomwa, mfadhili atashukuriwa na kuvishwa kanzu, na jina lake litachorwa kwenye jiwe ukutani. Mafundi walioisimamisha nyumba hiyo ya Allah, kama watakuwepo, utawakuta wamekaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau. Sisemi mfadhili asishukuriwe. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah, na hadithi hiyo, aliyoipokea Abu Huraira (RA) na kupokewa katika Abu Daud na Tirmidhi, imetaja watu. Haikutaja matajiri.

Nimeyatafakari haya kwa sababu ya habari za ndugu yetu Ali Skanda wa Lamu, Kenya, fundi wa majahazi na mchonga mbao aliyezaliwa katika ukoo wa mafundi. Ben Morison alipokuja na wazo, mwaka 2016, la kuunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na mitaani, palihitajika mtu wa kuligeuza wazo hilo kuwa chombo kinachoelea. Skanda na mafundi wenzake ndio waliobeba mzigo huo. Plastiki iliyeyushwa na kutengenezwa mkuku, mataruma na mbao, kisha ikachongwa kwa mkono kama inavyochongwa miti, ingawa haina tabia ya mti hata kidogo, na hapakuwa na mzee wa kuulizwa maana hakuna aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Jahazi hilo, Flipflopi, lina urefu wa mita 9 hivi. Lilichukua takriban tani 10 za taka na likavishwa ndala chakavu zipatazo 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilometa 500, likitia nanga njiani kuwaelimisha watu juu ya uchafu wa plastiki.

Mwaka 2021 jahazi hilo hilo lililetwa Kisumu, likazunguka katika ziwa letu hili, Victoria, kwa upande wa Kenya, Uganda na Tanzania. Dunia nzima iliandika habari zake. Khutba moja ya Ijumaa iliyomtaja fundi yule kama mfano wa Muislamu anayewanufaisha watu kwa mkono wake, mimi sijaisikia.

Sisi tulioishi na Qur'an tangu chuoni tulitakiwa tuwe wa kwanza. Katika Surat Hud, Nabii Nuh (AS) anaamrishwa aunde jahazi chini ya uangalizi wa Allah na kwa wahyi wake, huku wakubwa wa kaumu yake wakipita na kumcheka. Katika Surat Sabaa, Nabii Daud (AS) analainishiwa chuma, anaamrishwa atengeneze deraya kamili na apime sawasawa viungo vyake. Hebu lizingatie hilo la kupima. Kitabu kilichokuja kuuongoza ulimwengu kimetaja kipimo cha pete za chuma! Nabii Zakaria (AS), kwa mujibu wa Sahih Muslim, alikuwa seremala.

Kuna kisa kimoja katika Bukhari ambacho huwa napenda kuwasomesha vijana. Watu walibishana juu ya mimbari ya Mtume (SAW), imetengenezwa kwa mti gani. Wakamwendea Sahl bin Saad (RA), naye akawaambia kwamba anaujua mti wake, anaijua siku ya kwanza ilipowekwa, na kwamba Mtume (SAW) alimtumia ujumbe mwanamke wa Kiansari ili kijana wake aliyekuwa seremala aitengeneze. Seremala yule alikuwa mtumwa. Wanachuoni waliokuja baadaye wakahangaika kulitafuta jina lake na wakatofautiana. Waliona kumjua aliyeranda mbao zile ni sehemu ya elimu.

Hapa Musoma, ukishuka Mwigobero utaona mitumbwi ya mbao. Kila mtumbwi ni amana ya fundi aliyeziba nyufa zake kwa pamba, mshono kwa mshono. Julai 2023, kule Igundu wilayani Bunda, mitumbwi ilizama na watu zaidi ya kumi wakafariki, wakiwemo watoto, wakitoka kanisani kwenye ibada. Simtupii lawama fundi yeyote. Ziwa lina upepo wake, na wapo wanaojaza abiria kupita kiasi. Nasema tu kwamba mtu anayeunda chombo imara, akakataa kutumia mbao mbovu hata mteja akimbembeleza kwa bei, ameokoa watu ambao hatawajua kamwe. Huyo nani amempa cheti?

Na huku mjini, Kitaji, yupo mchomeleaji unayemwita usiku bomba la kutawadhia likipasuka. Yupo seremala anayelikarabati jeneza la msikiti na ukimuuliza bei anakwambia, "Hilo niachieni." Karakana zao ndizo zinazowapokea vijana waliofeli kidato cha nne, ambao sisi walimu tumeshamaliza nao. Wanaingia hawajui kushika tupa, wanatoka wana kazi ya kulisha wazazi wao.

Najua mafundi wana yao. Ile "njoo Ijumaa" ya fundi, Ijumaa gani haisemwi! Heshima ninayoizungumzia ni ya yule mwenye kuitimiza kazi na ahadi.

Wapo watakaosema tutawatia mafundi katika riya, na kwamba Mtume (SAW) ameamrisha wenye kusifu sifa za kupindukia wamwagiwe mchanga usoni. Ni kweli, hadithi ni sahihi. Ila hoja hii mbona haikumbukwi wakati mgeni rasmi anamwagiwa sifa? Na tusisahau yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki, Masahaba walimzika bila ya kumjulisha Mtume (SAW), kama kwamba jambo lake ni dogo. Yeye akauliza yuko wapi, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia pale. Tuanze basi na hilo la kuuliza. Fundi asipoonekana swala ya Alfajiri wiki nzima, kamati imtume mtu nyumbani kwake.

Nalifahamu jengo moja la Waislamu, sitalitaja, ambalo lilifunguliwa kwa ngoma na kaswida ilhali fundi wa madirisha alikuwa bado anadai nusu ya fedha zake. Alipokuja kudai aliambiwa afanye subira, hiyo ni kazi ya Allah, malipo yake Peponi. Subhanallah! Katika hadithi Qudsi iliyomo katika Bukhari, Allah (SW) anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hakuna mahali palipovuliwa kamati za misikiti.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wetu ni dogo. Hafla ijayo, kabla haijanunuliwa kanzu ya mgeni rasmi, mweka hazina afungue daftari aangalie fundi anadai kiasi gani.