Kabla ya Mshairi, Mweka Hazina

Wajukuu zangu,

Barua yenu imenifikia, pamoja na ule mchoro wa kava. Mnataka kuanzisha jarida la fasihi hapa Nakwa, lisiwe la shule, wala la chama, wala la kanisa au msikiti, liwe lenu wenyewe, na mnaniomba bibi yenu maneno machache ya baraka ya kuweka ukurasa wa kwanza. Baraka mnazo tangu mzaliwe. Kilichoninyima usingizi ni ile orodha ya watu mliyoiambatisha. Nimehesabu washairi wanane, waandishi wa hadithi watano, wahariri watatu na mkurugenzi mtendaji mmoja. Jarida halijatoka hata karatasi moja, tayari lina mkurugenzi mtendaji! Mweka hazina sikumwona. Wa kusoma prufu sikumwona. Wa kupeleka mzigo stendi na kurudi na hela, naye hayumo.

Kwa hiyo nawaandikia marefu kuliko mlivyoomba. Hayatafaa ukurasa wa kwanza. Yasomeni kwenye kikao chenu.

Nyinyi mnanijua kama bibi wa mbaazi na kuku. Miaka yangu ya kazi niliimaliza ofisini mbele ya taipureta, na kazi niliyoijua kuliko zote ni kukata stensili. Stensili ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino ili herufi ya chuma iipige nta moja kwa moja. Ukipiga kwa woga, herufi haitoki. Ukipiga kwa hasira, herufi "o" inakatika yote na kuacha tundu, na ukurasa ukichapwa unajaa madoa meusi. Ukikosea neno unapaka dawa nyekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha, unapuliza ikauke, unapiga tena juu yake. Kisha stensili inavalishwa kwenye mashine ya kudurufu, wino mzito unawekwa, na mpini unazungushwa mpaka bega liume. Kurasa zikishatoka zinapangwa mezani kwa mafungu, watu wanaizunguka meza wakiokota moja moja, na wa mwisho anabana pini. Nawaeleza hayo kwa sababu majarida mliyoyataja kwa fahari katika barua yenu yalipita kwenye mikono, na nyinyi mmeyataja kana kwamba yaliandikwa tu, yakawa.

Chukueni Cheche. Novemba 1969, pale Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi wa chuo kikuu walitoa toleo la kwanza. Waliolisimamia ni USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, huyu huyu wa Uganda, wakishirikiana na Umoja wa Vijana wa TANU wa pale chuoni. Wahariri walikuwa vijana wa umri wenu: Karim Hirji aliyekuwa akisoma hisabati, Henry Mapolu, na Zakia Meghji ambaye miaka mingi baadaye wazazi wenu walimsikia akisoma bajeti bungeni kama Waziri wa Fedha. Walter Rodney aliwaandikia. Mwaka 1970 toleo maalumu zima likabeba andiko la Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, naye wakati huo ni kijana tu wa kitivo cha sheria. Na jarida hilo lililowatikisa wakubwa lilidurufiwa kwa stensili na kubanwa pini. Hirji alikuja kukusanya kumbukumbu zake na za wenzake katika kitabu, Mkuki na Nyota wakakitoa mwaka 2010. Kitafuteni, mkisome kwa jicho la watu wanaotaka kujua jarida hutengenezwaje.

Novemba 1970, mwaka mmoja tu tangu lianze, likapigwa marufuku, na USARF nayo ikafutwa. Sababu iliyotolewa ilihusu jina: kwamba limekopwa kwa Lenin, aliyekuwa na gazeti lililoitwa Iskra, yaani cheche, na kwamba watu wangedhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya wake. Mtaliamua wenyewe kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu kweli. Mimi jambo linaloniongezea heshima kwa wale vijana ni lililofuata. Mwaka 1971 tawi lile la Umoja wa Vijana likatoa jarida jingine, likaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna mtu angethubutu kusema limetoka Urusi. Waliweza kwa sababu ujuzi wa kazi ulibaki kwa watu. Serikali inaweza kufuta jina kwa barua moja, lakini aliyekwishajua kupanga kurasa, kubana pini na kuuza nakala bwenini ataamka kesho anajua vilevile.

Nina neno moja juu ya Cheche ambalo wasomi hawapendi kulisikia. Jina lilikuwa la Kiswahili na kurasa zilikuwa karibu zote za Kiingereza. Walimtetea mkulima kwa lugha ambayo mkulima wa Nakwa asingeweza hata kusomewa na mwanawe wa darasa la saba. Wakati huohuo mitaani watu walikuwa wakigombania Ngurumo, gazeti la mtu binafsi lililoanza 1959 na kufa 1976, likiuzwa kwa senti chache. Baadaye likaja Sani. Msicheke. Jina lenyewe ni la watu wake wawili waliounganishwa, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na lilisomwa na wote, kuanzia utingo hadi mwalimu mkuu aliyelificha ndani ya daftari la maandalio. Madenge na Lodi Lofa, wahusika wake wa katuni, waliwafundisha watoto wengi kupenda kusoma kuliko vitabu vyenye muhuri wa wizara. Mkitaka jarida lenu liwe la fasihi, liwe. Ila msidhani fasihi inaanza pale msomaji anapoacha kuelewa.

Sasa niwapeleke Kampala, maana hapo ndipo penye somo la fedha.

Rajat Neogy alizaliwa Kampala mwaka 1938, mtoto wa familia ya Kihindi. Mwaka 1961, akiwa hajafikisha hata miaka 23, alianzisha Transition. Katika miaka michache jarida lile likawa baraza la Afrika nzima: msomi Mazrui akimchambua Nkrumah, mwandishi Theroux akiwasema Wazungu wenzake wanaoishi kama Tarzan, Mwalimu Nyerere naye akichapishwa humo, barua za wasomaji zikiwa kali kuliko makala. Nakala zilifika kama 12,000. Halafu, katikati ya miaka ya 60, ikafichuka kwamba shirika la Paris lililokuwa likilifadhili, lile la Congress for Cultural Freedom, lilikuwa likipokea fedha za CIA. Neogy akasema hakujua. Mimi namwamini, kwa sababu ukiisoma Transition huoni mkono wa bwana yeyote. Lakini hebu jiwekeni mahali pake: kila aliyewahi kuchomwa na makala yake alipata jibu la bure, kwamba hayo ni maneno ya Wamarekani. Uandishi wake haukubadilika hata nukta, na bado shaka ilimganda.

Oktoba 1968 serikali ya Obote ikamkamata, pamoja na mbunge Abu Mayanja aliyeandika humo kuikosoa mipango ya katiba. Akakaa kizuizini hadi 1969. Alipotoka, jarida likahamia Accra, likaanza kutoka tena mwaka 1971, kisha Wole Soyinka akalipokea, akalibadili jina kuwa Ch'Indaba, na mwaka 1976 likanyamaza. Mwaka 1991 likafufuliwa Marekani, na leo linatolewa chini ya Chuo Kikuu cha Harvard. Neogy mwenyewe alifia San Francisco mwaka 1995. Jarida la mtoto wa Kampala leo lina makao Marekani. Linasomwa, nalo ni zuri, sikatai, ila Kampala haliko.

Kwa hiyo mnaponiambia kwenye barua yenu kwamba "mfadhili atapatikana", swali langu ni yupi, kwa masharti gani, na je, jina lake mtaliandika ndani ya kava watu walione? Mkono mtupu haulambwi, najua, na karatasi haigawiwi. Hata Kwani? ya Nairobi, iliyoanzishwa na Binyavanga Wainaina na wenzake mwaka 2003 baada ya yeye kushinda tuzo ya Caine mwaka uliotangulia, ilipata fedha za Ford Foundation na haikuficha. Mwaka huohuo wa kwanza hadithi ya Yvonne Owuor iliyotoka humo ikashinda tuzo ileile. Waliandika Kiingereza, Sheng, lugha ya matatu na ya SMS, na wazee wa vyuoni wakanuna. Kazi nzuri sana. Ila fedha za wafadhili zina mwisho wa mradi, na mradi ukiisha, ofisi inadai kodi kama kawaida. Baada yao vijana wa Jalada, mwaka 2013, wakaona heri wasiwe na ofisi kabisa. Kila mtu alifanya kazi alipo, jarida likasomwa kwenye intaneti. Mwaka 2016 wakachukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ, wakaitoa kwa lugha zaidi ya 30, kazi iliyosimamiwa na Moses Kilolo. Kuwapata watafsiri wa lugha zote hizo na kumkumbusha kila mmoja tarehe yake kunataka mtu asiyechoka kuandika barua. Mnaye?

Mimi ningewashauri mtaji mkusanye kama mnavyokusanya kwenye vikoba. Kila mwanachama na hisa yake, daftari liwe wazi, na asiyelipa asiwe mhariri hata awe na kipaji cha Shaaban Robert. Toleo la kwanza liwe dogo, kurasa ambazo steshenari ya pale mjini inaweza kuzitoa na kuzibana bila kwenda Arusha. Mkipata faida ya kununulia karatasi za toleo la pili, mmeshinda. Mengine yatafuata.

Jihadharini na mali kauli. Hapo ndipo vijarida vingi vya mikoani vinapofia, kimyakimya, vikiwa bado vinasifiwa. Unamwachia mwenye duka la stendi nakala 20, mwingine Kondoa, mwingine Katesh, unampa kondakta mfuko wa nakala za Singida. Wote watu wema. Baada ya miezi mitatu mmoja amehama, mwingine nakala zimefungiwa maandazi, mwingine anasema zimeisha lakini hela aliitumia kwenye msiba. Na nyinyi hamna mtu wa kuzifuatilia kwa sababu wote ni washairi. Mtafuteni msichana au kijana asiyeona aibu kudai, mwenye daftari na peni sikioni, mmlipe kabla ya kumlipa yeyote, na jina lake liandikwe ndani ya jarida kwa herufi zilezile za mhariri mkuu.

Sheria msiipuuze kwa kudhani kijijini hapaonekani. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka leseni, na leseni inatoka Idara ya Habari, Maelezo. Nendeni kwa ofisa habari wa halmashauri awaelekeze, mkiwa mmevaa vizuri na mna nakala ya mfano mkononi. Mwandishi naye msimnyang'anye kazi yake: mchapishe mara moja kwa ridhaa yake ya maandishi, haki ibaki kwake. Akija kutoa kitabu baadaye asilazimike kuwabembeleza.

Halafu Kigorwaa. Kwenye mpango wenu wa kurasa sikukiona, na hapa ni Nakwa! Sauti za wazee wetu zimerekodiwa na watafiti wa lugha na kuwekwa katika hifadhi huko Ulaya, hadithi, nyimbo na mazungumzo, na mtu anaweza kuzipata kwenye intaneti. Ni jambo jema. Lakini mjukuu anayekaa hatua chache kutoka kwa mzee hana sababu ya kumsikiliza kwa kupitia Ulaya. Wekeni ukurasa mmoja wa Kigorwaa kila toleo, Kiswahili kikiwa pembeni. Na msiwasahau Wairaqw, Warangi na Wambugwe mnaokutana nao mnadani. Hadithi zao zinavuka barabara ileile. Nyie wahariri watatu mtagombana juu ya namna ya kuandika sauti ambazo Kiswahili hakina. Gombaneni, kisha mwiteni mzee aseme neno lenyewe polepole, kijana mwenye sikio aandike.

Prufu nitasoma mimi, kama mtaniletea zimechapwa kwa herufi kubwa na nafasi pana kati ya mistari, mapema, kabla mbaazi hazijawa tayari kuvunwa. Nina kalamu nyekundu na sina huruma na mtu anayeandika "hela zangu yako wapi" halafu akaliita ni shairi huru. Pesa ya mtaji sitoi. Nitanunua nakala tano za kila toleo kwa bei wanayolipa wengine, na stakabadhi naitaka.