Mgonjwa Haulizwi Uji: Je, Ni Wajibu wa Mgonjwa Kujilinda?

"Mgonjwa haulizwi uji" tulifundishwa kuwa ni methali ya huruma: usimngoje aliyelala kitandani aombe, mpikie umpelekee. Lakini katika wodi zetu hapa Uganda naona methali hii imepata maana nyingine. Mgonjwa haulizwi chochote. Hutundikiwa dripu, hudungwa sindano, hupelekwa chumba cha upasuaji, naye ananyamaza. Kila aliyevaa koti jeupe, awe daktari, muuguzi au mwanafunzi aliye mazoezini, tunamwita "musawo", na musawo hahojiwi.

Siku hizi tunahimizwa tuuvunje ukimya huo. Mgonjwa ajilinde: aulize jina la dawa, ahakikishe faili ni lake, amkumbushe muuguzi kunawa mikono. Mwaka 2023, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 17 Septemba, ilihusu kuwashirikisha wagonjwa. Mkataba wa Wagonjwa wa Uganda wa mwaka 2009 nao ulimpa mgonjwa haki ya kumjua anayemtibu na cheo chake. Haki hizi nazikubali zote. Kinachonisumbua ni kwamba haki ya kuuliza ikigeuzwa kuwa wajibu, basi yule asiyeuliza akidhurika, lawama itakuwa yake.

Niliwahi kumuuguza shangazi yangu hospitalini kwa wiki mbili. Usiku mmoja muuguzi alifika na sindano, nikamwuliza ni ya nini. "Kwani wewe ni musawo?" akanijibu. Hata hivyo alilitazama faili, akasita, kisha akaenda kitanda cha pili. Ilikuwa sindano ya jirani yetu. Sikuweza kumkasirikia sana, maana alikuwa peke yake na wagonjwa wengine walikuwa wamelala sakafuni. Asubuhi shangazi akanisihi nisiulize tena. "Mwanangu," alisema, "wewe utarudi chuoni. Mimi nitabaki nao."

Shangazi alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Kuuliza kuna gharama, na anayeilipa ni yule aliyelala: kwa kukaripiwa, kwa kuitwa mjuaji, kwa kuogopa kwamba akiita usiku hataitikiwa. Kwa hiyo tunamtaka aliye mnyonge kuliko wote wodini awe pia jasiri kuliko wote.

Mwanafunzi mwenzangu alinipinga. Alisema tukingoja hospitali zirekebishwe tutakufa tukingoja. Anayevuka barabara hutazama kulia na kushoto hata kama dereva ndiye mwenye makosa. Ni kweli, na dada yangu akilazwa kesho nitamwambia aulize kila kitu. Lakini maneno hayo hayo hubadilika kufuatana na anayeyasema. Nikimwambia dada yangu "jilinde", namtakia heri. Hospitali ikimwambia "jilinde", inamkabidhi kazi yake yenyewe. Dereva hana haki ya kunihubiria namna ya kuvuka huku akiendelea kwenda kasi.

Tena ipo njia ya kumpa mgonjwa sauti bila kumdai ujasiri. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji. Mojawapo ya hospitali nane zilizoijaribu ilikuwa Ifakara, Tanzania. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa huulizwa jina lake, anapasuliwa nini, na sehemu gani ya mwili. Hapo mgonjwa halazimiki kumkatiza daktari. Daktari ndiye anayeanza, tena kwa kuwa utaratibu unamtaka aanze, si kwa kuwa ni mpole. Kama muuguzi wa usiku ule angetakiwa kuuliza "Mama, jina lako nani?" kabla ya kila sindano, shangazi angejibu tu, na wala nisingehitajika.

Bado lipo jambo ambalo hata orodha hiyo hailimalizi. Asiyeweza kujibu, ndugu humjibia. Wodi zetu zinawategemea sana hawa wanaouguza, wanaolala chini ya vitanda na kununua dawa nje. Kitanda cha tatu kutoka kwa shangazi alilala mwanamke aliyeletwa na polisi kutoka ajalini, hajitambui, hana wa kumuuguza. Kwenye faili lake, mahali pa jina, palikuwa na mstari tu.