Tamaa ya Kutazamwa

Mtoto mdogo achoraye nyumba mchangani hawezi kunyamaza. Humwita mama yake: «Mama, tazama!» Mama akitazama, moyo wa mtoto hutulia, naye hurudi kucheza. Je, mtoto huyo ana kosa? Hapana. Mtu ameumbwa aishi na wenzake, na kutazamwa kwa upendo ni chakula cha moyo.

Tamaa hiyohiyo huwavuta watu kwenye picha za simu. Mwaka 2010 Kevin Systrom na Mike Krieger walianzisha huko San Francisco, Marekani, programu iitwayo Instagram. Mtu hupiga picha, huipamba kwa rangi, kisha huituma ionwe na wengine. Wakipendezwa, huweka alama ya moyo. Na alama hizo huhesabiwa. Vijana wa Bukavu na Lubumbashi nao waijua.

Basi, nguvu yake yatoka wapi?

Kwanza, yatoka katika kungoja. Mwaka 1957 wataalamu wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walitoa kitabu juu ya majaribio waliyoyafanya kwa njiwa. Njiwa aliyepewa chakula mara mojamoja, asijue ni lini kitakuja, aliendelea kudonoa kitufe kwa bidii nyingi. Vivyo hivyo mtu asiyejua kama leo atapata alama 3 au 30 hufungua simu yake tena na tena. Kule kutojua ndiko kunakomfunga.

Pili, yatoka katika kujilinganisha. Mwaka 1954 Leon Festinger, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alieleza kwamba mtu akikosa kipimo dhahiri cha kujipimia, hujipima kwa wenzake. Hapo ndipo penye hatari. Wahenga walisema: «Ukiona vyaelea, vimeundwa.» Picha ya arusi huonyesha nguo nyeupe, haionyeshi deni. Naye mtazamaji huyalinganisha maisha yake yote na dakika moja iliyochaguliwa ya mwenziwe, akajiona duni, hata akaanza kumwonea kijicho.

Je, yafaa kuitupa simu? Si lazima. Picha ya mjukuu imfikiayo bibi aliye mbali ni jambo jema. Tena mwaka 2021 Instagram yenyewe iliwapa watu wote uwezo wa kuificha hesabu ya alama. Lakini aliyeificha machoni asiiondoe moyoni, hajapona bado.

Mama humtazama mtoto kwa sababu amjua. Wengi wahesabiwao katika simu wameiona picha tu. Atazamwaye na watu elfu, asijulikane na hata mmoja, angali na njaa. Na pengine jirani yake, mgonjwa au mjane, amengoja mchana kutwa ajuliwe hali. Kwa hiyo jioni, kabla ya kuuliza ni wangapi waliomtazama, kila mtu na ajiulize ni nani aliyemtazama yeye.